Mikroampea Zinazopotea: Uigaji wa Usumbufu wa Sumakuumeme katika Magari, kwa Kuangalia Mabonde ya Dima wa Tayyin

Usumbufu wa sumakuumeme ni hali ambayo nishati ya umeme iliyokusudiwa kazi moja huvuja, ama kwa kupita katika nyaya ama kwa kusambaa hewani kama wimbi, ikaingia katika chombo kingine na kukiharibia kazi yake. Ndani ya gari la leo vyanzo vya uvujaji huo ni vingi: plagi zinazopiga cheche, alteneta, mota za feni na vioo, vikompyuta vinavyohesabu mamilioni ya mara kwa sekunde, na katika magari ya umeme inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuzungusha mota. Wanaosumbuliwa nao wamo humohumo: redio, simu, kipokezi cha mahali kinachosikiliza setilaiti, na sensa za breki. Zamani mhandisi alilijenga gari kwanza, akalipima, kisha akatafuta pa kuziba. Siku hizi hujenga kielelezo cha gari hilo ndani ya kompyuta na kukiuliza mapema ni wapi nishati itavuja, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa uigaji.

Swali linalostahili kuchambuliwa si kama uigaji unafaa, kwa kuwa hakuna kiwanda kikubwa cha magari kinachoweza kufanya kazi bila huo, bali ni gari lipi hasa linaloigwa. Kielelezo kinaonyesha gari jipya, lenye nyaya zilizopangwa kama zilivyochorwa, likiwa mahali ambapo mawimbi ya redio na simu yanatarajiwa kuwa na nguvu za kutosha. Gari linalopanda mabonde ya milima ya Hajar Mashariki nchini Oman halifanani nalo katika lolote kati ya hayo, na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba tofauti hiyo si doa dogo la pembeni, maana imekaa palepale ambapo uigaji wenyewe ni dhaifu zaidi.

Wilaya ya Dima wa Tayyin imo katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, ambao makao yake makuu ni Ibra. Vijiji vyake vimefuata mabonde, na maji ya Wadi Tayyin huteremkia Wadi Dayqah, penye bwawa kubwa katika wilaya jirani ya Quriyat. Wanajiolojia wanaifahamu Wadi Tayyin kwa jina la sehemu mojawapo ya miamba ya Samail, ambayo ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu. Kwa mhandisi wa redio jambo kubwa zaidi ni kwamba milima hiyo inakata njia. Mawimbi ya FM, yenye urefu wa mita tatu hivi, hayapindi vyema nyuma ya mlima. Yanayofika bondeni yamepungua nguvu na yamegongana na mwangwi wao kutoka kwenye kuta za miamba, kiasi kwamba gari likisogea mita moja na nusu linaweza kutoka penye sauti safi likaingia penye mkwaruzo. Huku mawasiliano si anasa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyochukua roho za wanafunzi huko Samad al Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi mkoani humohumo, yamewakumbusha watu wa mabonde haya thamani ya onyo linalomfikia dereva kabla hajaingia majini.

Msingi wa uigaji wote ni milinganyo ya James Clerk Maxwell, iliyochapishwa mwaka 1865, inayoeleza jinsi uga wa umeme na uga wa sumaku unavyozaana. Milinganyo hiyo haina kasoro kwa kazi hii. Taabu iko katika kuitatua ndani ya umbo lenye milango, madirisha na injini. Njia mbili ndizo zilizotawala. Ya kwanza, iliyopendekezwa na Kane Yee mwaka 1966, huigawa nafasi yote, pamoja na hewa iliyomo, katika vijichumba vidogo vya mchemraba, kisha huhesabu uga wa kila kijichumba hatua kwa hatua kadiri muda unavyosonga. Ya pili, iliyopata kitabu chake cha msingi kwa Roger Harrington mwaka 1968, huiacha hewa na kushughulikia mikondo inayotambaa juu ya metali peke yake, kwa kuuliza kila kipande cha bati kinaathirije kila kipande kingine. Njia ya Yee ni nyepesi kueleweka na huchukua masafa mengi kwa mkupuo mmoja, ilhali ya Harrington hutoa jibu safi kwa bodi ya metali tupu, lakini hesabu zake huvimba haraka kadiri vipande vinavyoongezeka.

Ukubwa wa kazi unaweza kuonwa kwa mfano wa gari la aina ya Land Cruiser, ambalo ni kama boksi la mita tano kwa mbili kwa mbili, yaani mita za ujazo 20. Katika masafa ya gigahezi moja wimbi lina urefu wa sentimita 30, na kanuni ya kawaida ni kwamba kijichumba kisizidi sehemu ya kumi ya wimbi, kwa hiyo sentimita tatu zinatosha, na gari zima hutoshea katika vijichumba visivyofika laki nane. Kompyuta ya mezani huimaliza kazi hiyo bila shida. Ila waya mmoja wa gari, pamoja na gamba lake la plastiki, una unene wa milimita moja au mbili. Anayetaka kuuona waya huo katika wavu wake itambidi ashushe kijichumba hadi milimita moja, na hapo idadi inafikia bilioni 20. Tena, kwa kuwa hatua ya muda lazima ipungue kwa kiwango kilekile ili hesabu isilipuke, kazi nzima inaongezeka takriban mara laki nane. Na huo ni waya mmoja, katika gari lenye nyaya ambazo zikiungwa zinafika urefu wa kilomita kadhaa.

Ndiyo maana wahandisi wameutenganisha mwili wa gari na nyaya zake. Bodi huigwa kwa wavu mkubwa, na tita la nyaya, yaani fungu lililofungwa pamoja kwa utepe na kupitishwa chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, huigwa kwa nadharia ya njia za usafirishaji, ambayo huuona kila waya kama mfereji wenye induktansi na kapasitansi zinazoufungamanisha na jirani zake. Sehemu hizo mbili huzungumza kwa kupeana matokeo: uga uliohesabiwa katika bodi husukuma mkondo katika nyaya, na mkondo wa nyaya hurudisha uga wake kwenye bodi. Mwishoni huunganishwa vielelezo vya sakiti zilizo ncha zote mbili za tita. Mpango huu ni wa busara, lakini unadai kujua kitu ambacho mara nyingi hakuna anayekijua, yaani ni waya upi uko katikati ya tita na upi uko pembeni karibu na bati. Fundi akilifunga tita hilo tena, mpangilio unabadilika, na usumbufu unaopita kutoka waya mmoja kwenda mwingine unaweza kubadilika kwa desibeli kumi au zaidi. Desibeli ni kipimo cha uwiano: kumi ni mara kumi ya nguvu, na ishirini ni mara kumi ya ukubwa wa uga.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kiini cha suala zima kinaonekana katika hesabu moja ndogo. Kanuni Namba 10 ya Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo sheria kuu ya kimataifa kuhusu jambo hili, hupima mawimbi yanayotoka kwenye gari kutoka megahezi 30 hadi 1000 kwa antena iliyowekwa umbali wa mita kumi au tatu, huku injini ya petroli yenye silinda nyingi ikizunguka mara 1500 kwa dakika. Karibu na megahezi 100, kikomo katika mita kumi ni takriban desibeli 34 juu ya mikrovolti moja kwa mita, yaani mikrovolti 50 kwa mita. Ni mkondo kiasi gani, katika waya wa mita moja, unaotosha kuzalisha uga huo? Mlinganyo wa antena fupi unatoa jibu la mikroampea nane hivi. Taa moja ya mbele ya kawaida hutumia karibu ampea tano, ambazo ni zaidi ya mara laki sita ya kiasi hicho. Mkondo wa taa hausumbui mtu, kwa kuwa unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa njia iliyo jirani, na sumaku za safari hizo mbili zinafutana. Tena ni mkondo mtulivu usio na masafa ya redio. Mikroampea nane zinazosumbua ni zile zilizokosa njia ya kurudi karibu na zilipotoka, zikazunguka kupitia bodi ya gari na hewa. Mhandisi anayeiga gari hatafuti basi mkondo mkubwa uliochorwa katika michoro ya kiwanda. Anatafuta ile sehemu ya milioni iliyopotea, ambayo haimo katika mchoro wowote, na njia yake inaamuliwa na mambo kama boliti ya arthi iliyoota kutu.

Kikomo hicho chenyewe kinahitaji kusomwa kwa makini. Kimewekwa kulinda redio ya jirani, si redio ya gari lenyewe. Vipokezi vilivyomo ndani ya gari vina kiwango chao, CISPR 25, kinachotokana na kamati ya kimataifa ya usumbufu wa redio iliyoanza kukutana mwaka 1934. Wapangaji wa matangazo ya FM hufuata mapendekezo ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ambayo kwa sehemu za mashambani huhitaji desibeli 48 kwa sauti ya chaneli moja na 54 kwa stirio. Tuseme gari limefikia ukingo wa Kanuni Namba 10, desibeli 34 katika mita kumi, na antena yake iko mita mbili tu kutoka kwenye chanzo. Kwa hesabu ya juu juu ya umbali peke yake, desibeli 14 zinaongezeka, na kelele zinafika 48, sawa kabisa na tangazo lenyewe. Bodi huzuia sehemu ya kelele hizo, na karibu na chanzo uga haufuati kanuni ya umbali kwa unyoofu, kwa hiyo hali halisi kwa kawaida ni nafuu zaidi. Lakini mlima ukitia kivuli cha desibeli 20 juu ya tangazo, nafuu hiyo inaliwa yote. Gari halikubadilika, na cheti chake ni halali. Kilichobadilika ni mahali. Hakuna uigaji unaofanywa kwa ajili ya cheti unaouliza swali la mahali, na huo ni upungufu wa swali lililoulizwa zaidi kuliko wa hesabu zilizofanywa.

Pengo la pili ni vitu vinavyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani. Katika magari ya milimani ya Oman ni jambo la kawaida kuona baa ya taa za LED juu ya paa, kamera ya dashibodi, na chaji ya simu iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Kila kimoja kina konvata ndogo inayokata umeme wa betri maelfu mengi ya mara kwa sekunde ili kuushusha hadi volteji inayotakiwa, na katika bidhaa za bei nafuu kichujio cha kuzuia mkwaruzo ndicho cha kwanza kuachwa, maana kukosekana kwake hakuonekani kwa macho. Baa ya taa ndiyo mbaya kupita zote kwa sababu ya mahali ilipo: waya wake unapanda nje ya bodi, umbali mdogo kutoka kwenye antena, bila bati lolote kati yao.

Upande wa pili wa bahari, katika miji ambako familia nyingi za Sharqiyah zina ndugu, upo mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee. Magari mengi ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa yamekuja yakiwa yametumika Japani, ambako redio za FM zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, ilhali matangazo ya Afrika Mashariki yako kati ya 87.5 na 108. Mafundi hufunga kijisanduku kati ya antena na redio kinachoshusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 14, kituo cha 94 kinasikika kwenye 80. Lakini ili kufanya hivyo kijisanduku lazima kizalishe wimbi lake la megahezi 14, na wimbi hilo lina marudufu yake, yaani mawimbi ya masafa hayo yakizidishwa mara mbili, mara tatu na kuendelea: la sita linaangukia 84, ndani ya redio ya Kijapani, na la saba linaangukia 98, katikati ya vituo vyenyewe. Kifaa kilichowekwa ili redio isikike kinageuka kuwa kituo kidogo cha kurusha ndani ya dashibodi. Hakuna kielelezo cha kiwanda chochote kinachokijua, ingawa kipo katika magari yasiyohesabika.

Joto nalo lina sehemu yake. Tarehe 26 Juni 2018, mjini Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi kwa saa ishirini na nne mfululizo, jambo lililoripotiwa kuwa rekodi ya dunia ya joto la chini la siku lililo juu kuliko yote. Vichujio vinavyozuia usumbufu vimejengwa kwa kapasita na vipande vya feriti, na vyote viwili vinabadilika kwa joto. Kapasita za maji ya kemikali hukauka, na mafundi wa elektroniki wanajua kwamba kila ongezeko la nyuzi kumi hupunguza maisha yake takriban kwa nusu. Feriti nayo hupoteza uwezo wake wa sumaku kadiri inavyokaribia kikomo chake cha joto. Kielelezo kinachotumia thamani zilizopimwa kwenye nyuzi 25 kinazungumzia kichujio ambacho, baada ya majira kadhaa ya kiangazi karibu na injini, hakipo tena kama kilivyokuwa.

Uigaji una upande wa pili, wa kuuliza gari litastahimili kiasi gani cha mawimbi yanayotoka nje. Kanuni Namba 10 inadai gari livumilie uga wa volti 30 kwa mita katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 20 hadi 2000. Ripoti ya NASA ya mwaka 1995 ilisimulia jinsi mifumo ya awali ya breki za ABS ilivyosumbuliwa na kirushio cha redio kwenye kipande cha barabara kuu nchini Ujerumani, hadi ukawekwa wavu wa metali kando ya njia. Miaka kumi na sita baadaye, Februari 2011, wahandisi wa NASA waliochunguza malalamiko ya magari ya Toyota kuongeza mwendo yenyewe walitoa taarifa kwamba, baada ya kuyapiga magari kwa mawimbi makali, hawakupata kasoro ya elektroniki iliyoweza kufungua mafuta kwa wingi wa kutosha kuleta mwendo huo. Wakaongeza kwa uaminifu kwamba kutoithibitisha si sawa na kuthibitisha kuwa haiwezekani. Kauli hiyo ya pili ndiyo inayostahili kubaki katika fikra za kila anayeiga, kwa kuwa kila uigaji huchunguza hali chache kati ya nyingi zisizo na mwisho.

Magari ya umeme yamelirudisha suala hili mezani kwa nguvu mpya. Inveta hukata mamia ya volti mara elfu kumi hivi kwa sekunde, na transista mpya za silikoni kabidi hufungua na kufunga kwa makumi machache ya nanosekunde. Kadiri ukataji unavyokuwa wa ghafla, ndivyo marudufu yanavyopanda juu zaidi. Inveta ya kilohezi 10 hupanda mstari wa kelele kila baada ya kilohezi 10. Vituo vya masafa ya kati (AM), nje ya mabara ya Amerika, vimepangwa kila baada ya kilohezi 9, kwa hiyo karibu kila kituo kinapata mstari wake. Nchini Marekani baadhi ya watengenezaji waliiondoa redio ya AM katika magari yao ya umeme, na mwaka 2023 Ford ilibatilisha uamuzi wake baada ya malalamiko. Kwa Sharqiyah jambo hilo si geni, kwa kuwa katika pwani yake, As Sila, ndiko kilikohamishiwa kituo cha kurushia cha BBC kilichokuwa kisiwani Masirah, na matangazo ya kilohezi 1413 yametoka hapo. Wimbi hilo lina urefu wa mita 212. Mbele yake gari zima ni punje, na uigaji unarahisika, kwani badala ya mawimbi inatosha kuhesabu kapasitansi kati ya mota, nyaya na bodi. Kinachobaki kigumu ni kilekile: ni mkondo gani unaovuja kupitia kapasitansi hizo, na unarudi kwa njia gani.

Suala hili linazihusu pia nchi zinazounda magari yake zenyewe. Uganda ilianza na Kiira EV katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, ikafuatia basi la Kayoola la mwaka 2016, na Oman ina kiwanda cha mabasi cha Karwa huko Duqm kwa ubia na Qatar. Anayeunda basi analijua tita lake la nyaya, na anaweza kuchagua tita litakalopitishwa karibu na bati njia yote na litakalozungushiwa kinga. Muagizaji wa gari lililotumika hana nafasi hiyo.

Kwa magari yasiyojulikana kwa undani, njia ya kweli ni kuacha kutafuta jibu moja. Badala ya kuiga tita moja lililopangwa vizuri, kompyuta hupewa mamia ya matita yaliyopangwa kwa bahati nasibu, yenye boliti za arthi za ukinzani tofauti na vichujio vya umri tofauti, na matokeo yake huwa uwezekano: magari mangapi kati ya mia yatazima redio katika bonde lenye kivuli cha desibeli 20. Mbinu hiyo ipo na inafahamika. Kinachokosekana ni takwimu za kuilisha, na hizo haziwezi kubuniwa. Hupatikana kwa kibanio cha kupimia mkondo kinachozungushwa kwenye tita la gari halisi, kazi ya dakika chache inayowezekana katika gereji yoyote ya Ibra au Sinaw na iliyo ndani ya uwezo wa kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Ipimwe mchana wa Julai na irudiwe usiku wa Januari, baa ya taa ikiwaka na ikiwa imezimwa, katika magari ya miaka miwili na ya miaka kumi na miwili. Matokeo yake yawekwe pamoja na vipimo vya nguvu ya mawimbi bonde kwa bonde, kwa sababu takwimu za upande mmoja bila za upande wa pili hazimwambii dereva wa Dima wa Tayyin kama onyo litamfikia.